Kidole cha Jumatatu

Barua ya kumi na moja iliingia Alhamisi mchana, mama akiwa amekunja kichwa juu ya cherehani anapiga pindo la sare za shule. Binti aliisoma kimya, akaisoma tena, kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Mama hakuhitaji kuambiwa.

"Wamesemaje hao nao?"

"Wamesema nimefanya mtihani vizuri kuliko wote. Wamesema wanasikitika. Nafasi ni ya wakazi wa nchini kwao tu."

"Makubwa! Si kazi ya kukaa nyumbani? Wewe ukae kwako, wao wakae kwao, nani anamwona nani? Kwani hiyo kompyuta inajua mpaka?"

Hapo Karani akacheka pale alipoketi. Mtaa mzima ulimwita Karani, ingawa alistaafu zamani ofisi ya mishahara ya kiwanda cha magunia. Miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya dirisha lenye tundu la kupitisha mkono, na hakuna fomu iliyopita mbele yake ikiwa na doa la uongo. Hata kadi ya kliniki ya mtoto aliijaza kwa rula. Mkewe alimwambia zamani kwamba angeweza kuioa peni nyekundu, na yeye hakukataa.

"Kompyuta haijui mpaka," alisema. "Mshahara unaujua. Ukimwandika mtu kazi unakuwa umeiandika na nchi yake. Kodi yake unaipeleka serikali gani? Akiba yake ya uzeeni nani anaishika? Akiumia, bima ya wapi inalipa? Mkigombana, mnakwenda kwa hakimu gani? Wakimchukua huyu mmoja, inabidi wajisajili huku, waweke mhasibu huku, mwanasheria huku. Kwa mtu mmoja! Hata ningekuwa mimi nisingemchukua."

"Baba!"

"Nakwambia ukweli, mwanangu. Mimi mwenyewe nimewahi kuwakata watu."

Akawasimulia kwa kifupi, maana hakuipenda hadithi ile. Kiwandani walikuwepo washonaji tisa wa magunia kutoka ng'ambo ya mpaka. Siku moja ikashuka barua kutoka juu, naye akachukua rula na peni nyekundu, akapitisha mstari juu ya majina tisa. Mmoja wao, mrefu, alikuja akainama kwenye tundu la dirisha. "Karani, jana nilikuwa nashona vizuri. Leo nimekosea nini?" Karani alimjibu neno moja tu: "Fomu." Yule mtu akasimama pale akingoja neno la pili, na foleni ikaanza kumsukuma.

Mama aliinua sare, akaisogeza puani karibu kabisa ili auone uzi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na daktari alishasema bila kuzunguka: yatolewe ule ukungu mwaka huu, au mwakani atashona kwa kupapasa. Fedha ya upasuaji ilikuwa ndiyo hiyo iliyokuwa ikitafutwa katika barua kumi na moja.

"Wifi je?" akasema ghafla. "Wifi si mkazi wa huko huko? Na jina si moja?"

Ni kweli, jina lilikuwa moja. Binti alipozaliwa Karani alimpa jina la dada yake mkubwa, aliyekuwa tayari ughaibuni akipiga deki korido za maofisi. Shangazi na mpwawe waliitana wajina. Miaka kumi na tisa ya deki ilimpatia shangazi makaratasi halali, pensheni ndogo, magoti mabovu, na chumba kimoja na jiko ghorofa ya nne, anakoishi peke yake.

"Sitaki kusikia," Karani alisema, akatoka nje.

Alikaa hivyo wiki mbili. Kisha asubuhi moja alimkuta mkewe ameshona mkono wa shati kwenye shingo, anaufumua huku akijifanya anaimba. Alirudi chumbani, akafunga mlango, akampigia dada yake mwenyewe. Na ni yeye, si mwingine, aliyeeleza namna mambo yatakavyopita. Katika kila ofisi, alisema, anayemwona mtu uso hagusi makaratasi, na anayegusa makaratasi hamwoni mtu uso. Binti atafanya usaili. Makaratasi yatakuwa ya shangazi, na kompyuta ya kampuni itatumwa kwake.

"Wewe na fomu zako!" dada yake alicheka mpaka akakohoa. "Leo umeiva. Niletee hiyo mashine, nipate wa kukaa naye jikoni."

*

Mashine ya kampuni ilifika ghorofa ya nne ikiwa ndani ya boksi safi, na shangazi akaiweka juu ya meza ya jikoni, karibu na birika. Aliipa jina siku hiyo hiyo: Mpangaji. "Mpangaji wangu hanywi, havuti, haleti wageni," alisema. "Kasoro yake hatoi senti ya umeme." Binti alikaa huku, kwenye meza aliyosomea darasa la saba, akawa anaingia kwenye ile mashine kwa mtandao na kufanya kazi kupitia humo. Kampuni ikitazama, inaona mfanyakazi wake yupo jikoni kwake, ghorofa ya nne, anakostahili kuwa.

Ilikuwepo kazi moja tu ya mkono. Ubavuni mwa Mpangaji kulichomekwa kitufe kidogo, punje ya mahindi ni kubwa kuliko hicho. Kila Jumatatu asubuhi lango la mtandao wa kampuni lilijifunga, na halikufunguka mpaka mtu aliyepo pale aweke kidole. Basi shangazi huvaa miwani, huweka kidole, kisha hutuma ujumbe wa sauti: "Wajina, nimeshampa Mpangaji mkono. Chapa kazi." Baada ya hapo, wiki nzima mashine hujiendea.

Na kwenye pembe ya kioo cha binti palikuwa na kinukta. Kikiwa cha kijani, Mpangaji yuko macho.

Mwanzoni Karani alikuwa akimpigia dada yake kila Jumapili, kama alivyofanya miaka yote. Waliongea magoti, waliongea mbwa wa jirani, waliongea marehemu mama yao na ubahili wake wa sukari. Lakini binadamu ni mvivu, na Karani naye ni binadamu. Taratibu akajizoesha kusimama mlangoni kwa binti kila asubuhi, kandambili mguu mmoja, miwani kwenye paji la uso.

"Dada yangu kaamka?"

"Yuko kijani, baba."

"Haya. Tunashukuru."

Kazi ikaisha hapo. Simu ya Jumapili ikawa ya Jumapili moja moja, kisha ya pale anapokumbuka. Kuna haja gani ya kumpigia mtu ambaye kila siku unamwona mzima? Mama naye akiulizwa na majirani habari za wifi yake, alijibu, "Hajambo kabisa, tunamwona kila asubuhi." Wala hakuona kwamba amesema uongo.

Mshahara wa miezi minne ukaingia, ukabaki mmoja kutimiza fedha ya upasuaji. Tarehe ya upasuaji ikapangwa, mwezi ujao.

Jumanne moja shangazi alipiga simu mwenyewe. Karani alikuwa juu ya stuli akibadilisha balbu, mama ameishika stuli kwa mikono miwili.

"Karani, mkono huu wa kushoto tangu jana una ganzi. Sijui nimeulalia."

"Uchue na maji ya moto. Niko juu hapa, dada, nitaanguka. Utanieleza vizuri Jumapili."

"Haya, Jumapili."

Jumapili Karani alisimama mlangoni asubuhi, akauliza, akajibiwa kijani, akaenda kuweka viraka kwenye paa la choo. Jioni alikumbuka kwamba kuna jambo alitakiwa kulifanya, lakini hakukumbuka ni lipi.

*

Jumatatu saa nne binti alimwita. Hakupaza sauti, na ndiyo maana Karani aliinuka upesi.

"Baba, lango linaomba kidole tangu saa tatu."

"Mpigie."

"Nimepiga mara sita. Inaita mpaka inakatika."

Mama alikuja akisugua mikono kwenye gauni. "Labda yuko bafuni. Au katoka, kaenda dukani."

"Kinukta kinasemaje?" Karani aliuliza.

"Kijani."

"Sasa si ndiyo hiyo? Yupo!"

Binti alimtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze alisema kile ambacho wote watatu walikijua na hawakukijua. "Kijani ni mashine, baba. Shangazi hana kinukta."

Kulikuwa na kamera juu ya kioo cha Mpangaji. Binti hakuwahi kuifungua hata siku moja. Shangazi alimwapisha, maana asubuhi hushinda jikoni na gauni la kulalia, na hakutaka kuonwa na dunia. Sasa aliifungua. Picha ilikuja na ukungu, kisha ikatulia. Jiko dogo. Pazia la maua limefungwa, taa ya dari inawaka ingawa nje ni mchana. Kikombe. Mkate ndani ya mfuko wake, nusu. Na kwa chini, pale jiko linapopakana na chumba, mguu mmoja umelala sakafuni ndani ya soksi ya sufu ya zambarau. Soksi hiyo mama alimfumia mwenyewe. Kandambili ilikuwa imepinduka kando.

"Fungua sauti," Karani alisema. "Fungua sauti yangu isikike huko."

Binti alibonyeza.

"Dada!" Karani aliinamia kompyuta kama alivyoinamiwa yeye miaka mingi kwenye tundu la dirisha. "Dada! Ni mimi. Dada, amka, utapata baridi hapo chini!"

Sauti yake ilitoka huko jikoni, waliisikia ikirudi, nyembamba, imegonga kuta ngeni. Mguu haukusogea. Mama aliweka kiganja mdomoni.

"Labda kaanguka tu," binti alisema. "Labda anapumua. Anahitaji mtu aingie sasa hivi."

Mtu gani? Walihesabu na hesabu ilikuwa fupi. Jirani mwenye mbwa hawakumjua jina wala namba. Simu ya dharura ya huko waliijaribu, ikajibiwa na simu ya dharura ya huku, kijana akawauliza wako mtaa gani. Duniani kote walibaki watu wa aina moja tu wenye anuani ile kwenye jalada na uwezo wa kumtuma mtu mlangoni leo hii: kampuni.

"Nikiwaambia, kazi imekwisha," binti alisema.

Karani alifungua mdomo. Alitaka kusema andika, na Mungu anajua alitaka. Ila jicho lake lilimwangukia mkewe, aliyekuwa ameukaribia mno ule mwanga wa kioo, akikunja uso ili auone mguu wa wifi yake ambao wenzake waliuona vizuri tu. Likamtoka neno jingine.

"Ngoja kwanza."

Ilikuwa dakika moja, pengine mbili. Hakuna aliyemlaumu baadaye, wala haikubadilisha kitu, lakini maneno hayo mawili Karani atakufa nayo.

"Tungoje nini?" mama alisema. Aligeuka, machozi yanamtiririka kwenye yale macho mabovu. "Andika, mwanangu! Waambie yote. Macho yangu yasiwe sababu ya kumwacha wifi yangu sakafuni. Andika!"

Binti aliandika kila kitu, mistari sita, bila kujitetea. Alimpelekea kiongozi wa kundi lake, mwanamume ambaye kwa miezi minne walikuwa wakitaniana juu ya kahawa. Haikupita dakika tatu akapiga simu. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Mlango ni wa kulia au wa kushoto ukipanda ngazi?" na binti hakujua, hajawahi kufika.

*

Walikaa mbele ya ile picha dakika arobaini. Hakuna aliyeketi vizuri. Kisha ukasikika mlango unapigwa, sauti zinaita jina, jina lile lile la binti, naye kila likiitwa alishtuka. Mbao za mlango zikalia. Viatu vizito vikapita mbele ya kamera, na mwanamke mwenye glavu akapiga magoti pale kwenye soksi. Hakuchukua muda mrefu. Aliinua kichwa akamwambia mwenzake maneno machache, kwa sauti ya mtu anayesoma namba ya basi.

"Kasemaje?" Karani aliuliza. "Niambie kama kasema."

Binti alilia kwanza. "Kasema si leo, baba. Kasema tangu siku kadhaa."

Yule wa pili alikuja mezani. Uso wake ulijaa kioo kizima, kijana tu, ana kovu dogo la kunyoa kidevuni. Aliitazama mashine inayowaka peke yake, akanyoosha mkono, akaifunga. Kinukta kikawa cha kijivu.

*

Mwanamke wa ofisi ya utumishi alipiga simu siku ya tatu. Binti aliweka sauti ili wazazi wasikie, akawa anatafsiri kipande kipande. Mwanamke hakuwa na ukali. Ingekuwa nafuu angekuwa nao.

Alisema kazi imekoma, na hilo walilijua. Alisema kampuni haitamshtaki, ila mshahara wa mwezi huo hautatoka, kwa sababu hawajui waulipe kwa nani. Alisema mtu wao alishaichukua mashine. Ilirudi ofisini siku ile ile.

"Daktari ameandika Jumatano alfajiri," aliendelea. "Kwa makaratasi yetu, aliyefariki ni mfanyakazi wetu. Na mfanyakazi wetu alituma kazi Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Nzuri. Nimeiona."

Binti alitafsiri ile Jumatano alfajiri, yaliyofuata hakuweza. Karani alimwambia asijali, ameelewa, ingawa hakuwa ameelewa.

"Watu hutuandikia matusi," mwanamke alisema. "Kwamba tunabagua, kwamba kazi ya kompyuta ni ya dunia nzima. Ni kodi, ni bima, ni sheria, si mimi niliyezitunga. Lakini liko na hili. Mtu wetu anayeishi peke yake asipoonekana siku mbili, tunatuma mtu akagonge mlango. Ni utaratibu wetu. Kwa shangazi yako hatukumtuma mtu." Ikasikika karatasi ikifunuliwa. "Alionekana yuko kazini."

Hili binti alilitafsiri neno kwa neno, akitazama sakafu. Mama akaanza kulia kwa sauti, kilio cha msiba chenyewe, kile kilichokuwa kimekwama tangu Jumatatu. Karani hakulia. Alikuwa akihesabu asubuhi. Jumatano, yuko kijani. Alhamisi, yuko kijani. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Mara tano alisimama mlangoni na kandambili mguu mmoja, mara tano akashukuru.

*

Upasuaji ulifutwa. Mama alirudi kwenye cherehani, akawa anamwita binti amtungie uzi, na binti, aliyekuwa akiandika programu za watu wa mbali, akawa anatunga nyuzi na kutengeneza simu za majirani.

Fomu ilikuja wiki iliyofuata, kutoka manispaa ya huko. Binti aliisoma kwenye simu, kisha Karani akakataa habari za simu, akataka karatasi. Ilipochapishwa aliiweka mezani, akaifutia vumbi ambalo halikuwepo, akatoa peni. Mwili wa marehemu, fomu ilisema, utakabidhiwa kwa ndugu, ambaye atakuwa na haki ya kusema uzikwe wapi na kwa namna gani. Asipotokea ndugu, manispaa itauzika kwa namba.

Alijaza kwa mwandiko wake wa kiofisi, herufi zimesimama wima. Jina la marehemu. Jina la mwombaji. Uhusiano: kaka. Halafu peni ikasimama.

"Soma hapa, mwanangu. Miwani inanidanganya."

Binti aliinama. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe. "Anuani ya mwombaji. Kwenye mabano wameandika: wakazi wa nchini tu."

Karani alitikisa kichwa taratibu. Alimkumbuka yule mshonaji mrefu wa magunia, alivyongoja neno la pili dirishani mpaka foleni ikamwondoa. Akajiuliza alikwenda wapi siku ile, alipotoka pale. Hakuwahi kujiuliza.

Kisha akaandika. Mtaa, namba ya nyumba, ghorofa ya nne. Aliandika bila kusita, na alipomaliza akapuliza wino ukauke.

"Baba," binti alisema kwa upole, "hapo si kwako."

"Napajua. Ni kwa dada yangu."

"Watajua, baba."

"Wajue." Aliweka sahihi, akaikunja karatasi mara mbili, kona kwa kona. "Wajue. Waje wagonge mlango."